Wasomi wa Mlimani wanapewa tuzo, binti wa darasa la saba kabaki na nini?

 

Leo nataka tuongelee hizi tuzo wanazopewa wasomi wetu kwa kuitumikia jamii. Picha mnaijua. Mtu aliyemaliza chuo kikuu kasimama jukwaani, kashika kitu kinang'aa, nyuma yake bango la wadhamini, na chini ya picha hongera zimejaa mpaka unachoka kuzishusha. Mimi elimu yangu ni kidato cha nne, kwa hiyo kuna watakaosema naona wivu. Sawa, kidogo upo. Lakini swali langu liko palepale: yule ambaye kwa ajili yake tuzo imetolewa, amebaki na nini makofi yakiisha?

Sitaki kuongea hewani. Nachukua watu wawili, wote akina dada, wote wamesoma Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na wote wametambuliwa kwa kazi waliyofanya kwa ajili ya wasichana. Mmoja ni Rebeca Gyumi. Mwingine ni Jokate Mwegelo, na huyu kazi yake kaifanyia wilaya ya jirani kabisa na sisi wa Soga, yaani Kisarawe.

Nianze na Rebeca. Kabla hajawa mtu wa mahakamani alikuwa mtu wa Femina, zaidi ya miaka 8, kwenye televisheni na kwenye harakati za vijana. Kama umesoma sekondari za huku utakuwa unalijua jarida la Fema, lile lililokuwa linagombewa darasani mpaka jalada linachanika. Sheria kasomea Mlimani. Na hapo kuna kitu wengi hawakijui: chuo kile kilipoanza Oktoba 1961, kwenye jengo la TANU mtaa wa Lumumba, kilikuwa na kitivo kimoja tu, nacho ni cha sheria. Yaani serikali ya watu maskini, kitu cha kwanza ilichoamua kusomesha watoto wake chuoni ni sheria. Nitarudi hapo.

Mwaka 2016 Rebeca akaanzisha Msichana Initiative, na mwaka huohuo, akiwa na wakili Jebra Kambole, akaenda Mahakama Kuu Dar es Salaam kumshitaki Mwanasheria Mkuu wa Serikali. Hakwenda kudai fedha. Alikwenda kulalamikia vifungu viwili vya Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 13 na cha 17.

Ngoja niviseme kwa lugha ya kijiweni. Cha 13 kinasema mwanaume anaruhusiwa kuoa akifika miaka 18, mwanamke kuolewa akifika 15. Na mahakama ikiona kuna sababu maalumu inaweza kuruhusu hata mwenye 14. Cha 17 kinasema binti ambaye hajafika 18 anahitaji ridhaa ya baba, baba akiwa hayupo basi mama au mlezi. Soma tena hapo. Ridhaa inayotafutwa ni ya mzazi. Sasa mzazi ndiye anayepokea mahari, halafu yeye yuleyule ndiye anayeulizwa kama binti aolewe! Ni sawa na kumuuliza muuza mbuzi kama mbuzi anataka kuuzwa.

Tarehe 8 Julai 2016 Mahakama Kuu ikasema vifungu vile vinakwenda kinyume na Katiba, ikaipa serikali mwaka mmoja kurekebisha, 18 kwa wote, wa kike na wa kiume.

Sasa mniruhusu nitoke kidogo mahakamani nije nyumbani, maana hapa ndipo jambo hili lilipoacha kuwa habari ya kwenye redio kwangu. Mwaka huohuo 2016 mimi nilikuwa darasa la saba. Hukumu imetoka Julai, sisi tumefanya mtihani wa taifa Septemba. Dawati letu tulikuwa watatu, mmoja wetu msichana aliyekuwa ananishinda hesabu, na sioni aibu kulisema hilo. Majina ya kwenda kidato cha kwanza yalipotoka la kwake halikuwepo. Kilichotokea kwenye mtihani ule mpaka leo sijui, nadhani ni zile siku alizokuwa anabaki nyumbani kuuguza. Mwaka 2017 mimi naamka alfajiri kuwahi sekondari, yeye anaolewa. Alikuwa na miaka 15. Baba yake aliridhia. Watu walikula pilau, na mimi nilikula.

Hakuna aliyekamatwa, na wala hakukuwa na kosa la kumkamatia mtu. Kila kitu kilikuwa halali kwa mujibu wa kifungu cha 17, kilekile ambacho mahakama ilishakisema mwaka mmoja nyuma kwamba kinavunja Katiba. Kwa sababu serikali ilikuwa imekata rufaa.

Hapa ndipo wengi wanapochanganya mambo. Mtu atasema, "Lakini si kuna ile sheria ya miaka 30 jela?" Ndiyo ipo. Mwaka 2016 huohuo Sheria ya Elimu ilibadilishwa, na anayeoa mwanafunzi wa msingi au sekondari, au kumpa mimba, kifungo ni miaka 30. Ni sheria kali na wanaume wa huku wanaiogopa kuliko simba. Ila angalia neno lenyewe: mwanafunzi. Mwenzangu wa dawati alikuwa mwanafunzi mpaka matokeo yalipobandikwa. Baada ya hapo akawa binti wa nyumbani. Umri wake haukubadilika, mwili wake haukubadilika, kilichobadilika ni jina lake kutokuwepo kwenye karatasi. Kile kifungo cha miaka 30 kilikuwa kinalinda sare.

Mnaotaka kuona jinsi sheria zetu zinavyopishana, ongezeni hii. Sheria ya Mtoto ya 2009 inasema mtoto ni yeyote chini ya miaka 18. Kanuni ya Adhabu inasema kulala na msichana wa chini ya 18 ni kubaka, hata kama kakubali, isipokuwa awe ni mke wako mwenye miaka 15 au zaidi. Yaani tendo lilelile, binti yuleyule. Bila mahari ni jela, kwa mahari ni harusi. Mimi siyo mwanasheria lakini hata mimi naona hapo pamevunjika.

Turudi kwenye tuzo. Septemba 2016, miezi miwili tu baada ya hukumu, Rebeca akapewa tuzo ya Global Goals kule New York na UNICEF. Halafu 2018 ikaja kubwa zaidi, Tuzo ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa. Hii siyo ya mchezo. Inatolewa kila baada ya miaka mitano, Martin Luther King alipewa akiwa marehemu mwaka 1978, Mandela 1988 akiwa bado kifungoni. Binti wa Kitanzania aliyesoma hapo Ubungo jina lake likaandikwa kwenye orodha hiyo. Mimi nilifurahi na nitaendelea kufurahi.

Ila tuziweke tarehe sambamba. Desemba 2018 anapokea tuzo New York. Siku hiyo rufaa ya serikali bado iko Mahakama ya Rufani. Hukumu ya rufaa ilikuja tarehe 23 Oktoba 2019, serikali ikashindwa. Moja ya hoja zilizotolewa kutetea sheria ile ni kwamba ilitungwa kama mwafaka kati ya mila na dini mbalimbali. Majaji hawakukubali. Hata ukianza kuhesabu upya ule mwaka mmoja kuanzia siku hiyo, ulikwisha Oktoba 2020, na Bunge lilikuwa halijagusa vifungu hivyo. Mwaka 2021 ndipo tukaanza kusikia kwamba maoni zaidi yanahitajika. Maoni! Mahakama mbili zimeshasema, halafu sisi tunakwenda kuulizana maoni.

Kwa hiyo dunia ilimpa tuzo kwa jambo ambalo nyumbani lilikuwa halijafanyika. Simlaumu yeye hata kidogo, yeye kafika mwisho wa barabara ya raia wa kawaida. Raia anashitaki, anashinda, anashinda tena kwenye rufaa. Baada ya hapo hana pengine pa kwenda, kalamu iko kwa wabunge. Ninachosema ni kwamba tuzo zina tabia ya kutufanya tuone kazi imekwisha. Tulimpongeza sana, mpaka tukasahau kuuliza alishinda nini hasa.

Na siyo kwetu tu. Mwaka huohuo 2018 daktari Denis Mukwege wa Bukavu alipewa Nobel ya Amani pamoja na Nadia Murad. Mukwege kasomea udaktari Burundi, akaenda Ufaransa, akarudi Kongo kutibu wanawake waliobakwa vitani, na hospitali yake ya Panzi ipo tangu 1999. Kwenye hotuba yake ya kupokea Nobel aliwaambia kwamba kuna ripoti ya Umoja wa Mataifa kuhusu uhalifu uliofanyika nchini mwake, na ripoti hiyo inaota ukungu kwenye droo New York. Hebu fikiria ujasiri huo. Wanakuvisha medali, wewe unawauliza kuhusu droo yao.

Sasa Jokate. Huyu wengi wenu mlimjua kwa sababu nyingine, Miss Tanzania 2006, mwaka ule Wema Sepetu alipochukua taji na yeye akashika namba mbili. Julai 2018 Rais Magufuli akamteua kuwa mkuu wa wilaya ya Kisarawe. Huku vijiweni tulicheka, nakiri. Tukasema mrembo kaletwa porini, atakaa miezi mitatu. Akaanzisha kampeni aliyoiita Tokomeza Zero, maana yake kidato cha nne pasiwe na anayepata sifuri. Akapiga hodi kwa makampuni na kwa watu wenye uwezo, michango ikaja, na leo Kisarawe kuna shule ya sekondari ya wasichana yenye jina lake. Kwangu kuipa shule jina la mtu ni tuzo kuliko kile kioo cha kuweka kabatini.

Najua ubishi utakaokuja. Kuna atakayesema mkuu wa wilaya analipwa mshahara, kutafuta madarasa ni kazi yake, siyo kujitolea. Ni kweli analipwa. Ila wakuu wa wilaya wanaolipwa tumewaona wengi, na shule za wasichana za kulala siyo nyingi kiasi hicho. Kuna atakayesema ni siasa. Inawezekana, na alikokwenda baadaye ni kwenye siasa kweli. Juni 2021 alihamishiwa Temeke. Lakini jengo halihamishwi. Binti anayetoka kijijini ndani kabisa, ambaye angetembea saa mbili asubuhi na saa mbili jioni akipishana na bodaboda zinazompa lifti ya bure (lifti ya bure huku mnajua bei yake), huyo analala bwenini. Hilo nalihesabu.

Tatizo langu ni lilelile la mwanzo. Shule inampokea aliyechaguliwa. Sheria ya miaka 30 inamlinda aliyesajiliwa. Hata lile katazo la mwaka 2017, Rais alipokuwa mkoani kwetu Pwani pale Chalinze na kusema mwanafunzi akipata mimba harudi tena shule, na hata lilipoondolewa Novemba 2021, yote yalihusu aliyekuwa shuleni. Ukiangalia vizuri, karibu kila kitu tulichofanya kwa ajili ya msichana kinapitia mlango wa shule. Aliyebaki nje ya mlango alikuwa na kitu kimoja tu cha kumlinda, ile kesi ya Rebeca. Na hicho ndicho kilichokwama.

Ndiyo maana nasema kati ya kazi hizi mbili, iliyokuwa nzito zaidi ni ile ya mahakamani, ingawa ndiyo ambayo huwezi kuizindua kwa kukata utepe. Shule moja inapokea mamia. Sheria moja ingewafikia wote, pamoja na wale ambao hawajawahi kusikia jina la Rebeca wala la Jokate. Utafiti wa taifa wa afya wa 2015/16 ulionyesha kwamba katika kila wanawake 100 wenye miaka 20 hadi 24, wapatao 31 waliolewa au kuishi na mwanaume kabla ya kufika 18. Ule wa 2010 walikuwa 37. Kwa hiyo inashuka, tuwe wakweli. Lakini 31 bado ni karibu mmoja katika kila watatu. Dawati letu lilikuwa la watatu, ila wawili tulikuwa wavulana, sisi hakuna aliyetuuliza.

Kuna wazee watakaosoma hii au kusomewa, nawaheshimu, shikamooni. Mtaniambia mama zenu waliolewa na miaka 14 na nyumba zikasimama. Sibishi kwamba zilisimama. Nauliza tu, ni nani aliyekuwa amezibeba?

Sasa nirudi kwenye lile la chuo kuanza na kitivo cha sheria. Mwaka 1964 Nyerere alitoa mfano ambao kila msomi anaujua na kila msomi anausahau siku ya mahafali. Kwamba aliyesomeshwa ni kama mtu aliyepewa chakula chote cha kijiji chenye njaa, ili apate nguvu za kwenda mbali kuwaletea wenzake chakula. Akila asirudi, huyo kawasaliti. Miaka miwili baadaye, Oktoba 1966, wanafunzi wa chuo wakaandamana kupinga kwenda Jeshi la Kujenga Taifa, na kuna bango lililosema afadhali ukoloni. Mwalimu akawarudisha makwao zaidi ya 300. Wakati huohuo akapunguza mishahara ya viongozi, na wa kwake akaukata kwa asilimia 20. Mimi naona alikuwa mkali mno kwa vijana wale, wengine walikuwa wana hoja kuhusu mishahara ya vigogo, na ndiyo maana na yeye akajikata. Lakini siku hizo kumtumikia aliyekusomesha lilikuwa ni deni, na hakuna mtu anayepewa tuzo kwa kulipa deni. Leo limekuwa jambo la kushangaza mpaka tunalitengenezea sherehe hotelini.

Sisemi tuzo zifutwe. Kule Kenya mwalimu Peter Tabichi, zao la Chuo Kikuu cha Egerton, mwaka 2019 alipewa dola milioni moja kama mwalimu bora wa dunia, na kabla ya hapo alikuwa anatoa asilimia 80 ya mshahara wake kwa watoto maskini wa shule yake ya Keriko. (Kijiji chake nacho kinaitwa Pwani, wakati kiko bara kabisa, Nakuru!) Mtu kama huyo apewe hata mbili. Ninachotaka ni kwamba siku ya tuzo, pamoja na wasifu wa msomi, kisomwe pia kile alichokuwa anakidai. Siku Rebeca anapongezwa, mbunge aliyekaa meza ya mbele aulizwe palepale, mbele ya kamera, kifungu cha 13 na cha 17 anavifanya nini. Asijibu kwa kupiga makofi.

Kuna kitu kimoja kinanipa matumaini, nikiseme nisije nikaonekana mlalamishi tu. Sera ya Elimu, toleo la 2023, inasema elimu ya lazima iwe miaka 10, mpaka kidato cha nne. Ikitekelezwa kweli, hakuna tena mtoto wa kuwa "binti wa nyumbani" akiwa na miaka 14 kwa sababu ya karatasi ya matokeo. Atakuwa bado ndani ya mlango. Ila hiyo ni sera. Inahitaji madarasa, walimu, mabweni, na huku kwetu bado kuna watoto wanaokaa watatu dawati moja kama tulivyokaa sisi.

Yule mwenzangu tunaonana. Anauza chapati asubuhi karibu na stesheni, hesabu bado anazijua, chenji hakosei hata umpe noti ya elfu kumi ukanunua chapati moja. Nilimweleza habari ya Rebeca, nikamwonyesha picha kwenye simu, ile ya New York. Akaiangalia, akauliza, "Kesi alishinda?" Nikamwambia alishinda, mara mbili. Akasema, "Lini?" Nikamwambia mara ya kwanza Julai 2016. Akahesabu kwa vidole, akanirudishia simu, akageuza chapati. Binti yake yuko shule ya msingi sasa.

Naomba kuwasilisha.